Printa ya waya kwenye ruta ya kampuni ya intaneti: kazi yenyewe ni anwani

Kuchomeka waya wa printa kwenye ruta ni kazi ya nusu dakika. Kinachowarudisha watu kwenye mahangaiko wiki tatu baadaye, printa ikiandikwa "nje ya mtandao" ilhali taa zake zote zinawaka, ni anwani, yaani namba ambayo ruta na kompyuta huitambulia printa kwenye mtandao. Na ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti huimiliki sawasawa hata kama imekaa kwenye rafu yako. Kampuni inaweza kuisasisha usiku, kuirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani ikiwa mbali, au kukuletea nyingine yenye namba tofauti kabisa. Ndiyo maana kila uamuzi hapa chini nimeupima kwa swali moja: ruta ikibadilika kesho, nini kitakatika, na utakirekebishia wapi?

Tuanze na waya wenyewe, maana "printa ya waya" ni jina la vitu viwili. Kuna printa yenye tundu la Ethaneti, lile pana la RJ45 lenye pini nane, sawasawa na matundu yaliyo nyuma ya ruta. Na kuna printa yenye tundu la USB tu, la mraba, linalotazamia kompyuta upande wa pili. Hizi njia zake ni tofauti, na ya pili nitaigusa baadaye. Printa zenye faksi zina pia tundu jembamba la simu, RJ11, lililoandikwa LINE au EXT. Hilo halihusiki kabisa na mtandao. Kichwa cha waya wa simu huingia kwa ulegevu kwenye tundu la Ethaneti, na ndiyo sababu kuna watu hukaa saa nzima wakisubiri taa ambayo haitawaka. Angalia pia kama tundu la Ethaneti limefunikwa kwa kizibo au stika. Watengenezaji hufanya hivyo ili mtu aanze na programu yao ya usanidi kwanza.

Waya wa Cat5e unatosha na kubaki, hadi mita 100. Usinunue wa gharama zaidi kwa ajili ya printa, kwa sababu printa nyingi za nyumbani huzungumza kwa megabiti 100 kwa sekunde tu, na hiyo ni zaidi ya zinavyoweza kuchapisha. Kwa kasi hiyo hutumika jozi mbili tu kati ya nne zilizomo ndani ya waya: pini 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo waya uliokatika jozi ya bluu au ya kahawia, ambao kompyuta imeukataa kwa kasi ya gigabiti, unaweza kuihudumia printa ya megabiti 100 miaka mingi bila kelele. Waya wa kukingama, ule wa zamani wa kuunganisha kompyuta mbili, hauhitajiki. Ruta za leo hujipanga zenyewe.

Upande wa ruta, chomeka kwenye tundu lililoandikwa LAN. Tundu la WAN, mara nyingi la rangi tofauti, ni la intaneti inayoingia. Printa ikiwekwa hapo haitapata chochote. Lakini kuna mtego mwingine wa ruta hizi za kampuni usiopatikana sana kwenye ruta za kununua mwenyewe: tundu moja la LAN, mara nyingi la mwisho, huwa limetengwa kwa kisanduku cha televisheni ya intaneti. Taa inawaka vizuri, waya ni mzima, lakini printa haipewi anwani, au inapewa ya mtandao ambao kompyuta zako hazimo. Hamisha waya hadi LAN1 kabla hujagusa mpangilio wowote. Matundu yakiisha, swichi ndogo ya matundu matano isiyohitaji usanidi inatosha. Hata kifaa cha pili cha Wi-Fi ya matawi (mesh), kama kina tundu la Ethaneti, kinaweza kubeba printa, mradi kinafanya kazi kama daraja (kinapitisha data tu bila kugawa anwani) na si kama ruta inayojitegemea.

Kisha nenda kwenye paneli ya printa. Baadhi ya printa zikihisi waya huzima Wi-Fi zenyewe na kuhamia kwenye waya. Nyingine hazifanyi hivyo hadi uingie kwenye menyu ya mtandao na kuchagua mwenyewe mtandao wa waya. Dalili ya kutochagua ni printa yenye taa ya Ethaneti inayowaka na ukurasa wa usanidi unaoonyesha 0.0.0.0, yaani hakuna anwani. Ukurasa huo uchapishe sasa. Uko kwenye menyu ya ripoti au ya mtandao, na kwenye printa zisizo na skrini hutoka kwa kubonyeza kitufe fulani sekunde kadhaa. Unataka vitu vitatu kutoka humo: anwani ya IP, anwani ya MAC (namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani) ya upande wa waya, na jina la mtandaoni linaloishia na .local.

Hapo kwenye MAC watu wengi huteleza. Printa nyingi zina MAC mbili, moja ya Wi-Fi na moja ya waya. Mtu aliyekuwa ameitengea printa anwani wakati ikiwa kwenye Wi-Fi, akahamia waya, anashangaa kwa nini ruta imeipa anwani nyingine. Kwa ruta, hicho ni kifaa kipya kabisa.

Sasa anwani yenyewe. Ikianza na 169.254, printa imejipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa jibu. Waya, tundu la televisheni, au ruta iliyokuwa bado haijaamka umeme uliporudi: sababu haizidi hizo tatu mara nyingi. Printa huwaka haraka kuliko ruta, na nyingine zikishakata tamaa haziombi tena upesi. Izime, subiri ruta itulie, iwashe. Ikianza na 192.168 au 10, uko mahali pazuri, ila hiyo anwani ni ya kukodi. Muda wa kukodi ukiisha printa ikiwa imezimwa, ruta ina haki ya kumpa mwingine.

Kuna njia tatu za kuituliza, na kila moja ina mahali inapovunjikia.

Ya kwanza ni kuitengea printa anwani ndani ya ruta. Unaingia kwenye ukurasa wa ruta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kwa nenosiri lililo kwenye stika iliyobandikwa chini yake, unatafuta sehemu ya DHCP (huduma ya ruta inayogawa anwani), kisha unafunga MAC ya waya na anwani fulani, tuseme 192.168.1.60. Printa yenyewe inabaki kwenye hali ya kuomba anwani. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachogongana, na printa ikipelekwa kwenye mtandao mwingine inafanya kazi bila kuguswa. Ubaya ni kwamba kumbukumbu hiyo inakaa kwenye kifaa cha kampuni. Ruta hizi husimamiwa kwa mbali kupitia itifaki ya TR-069, na baada ya usasishaji mbaya au fundi wa simu kukuambia ubonyeze kitufe cha kurudisha kiwandani, orodha yako inafutika. Baadhi ya ruta za kampuni pia zimeficha menyu hii kabisa.

Ya pili ni kuandika anwani ndani ya printa: anwani, 255.255.255.0 (inayoonyesha ukubwa wa mtandao), na lango ambalo ni anwani ya ruta. Hii haifutwi na mtu wa mbali. Kosa linalofanyika hapa ni kuchagua namba iliyo ndani ya fungu la namba ambalo ruta hugawa. Ruta nyingi za kampuni hutoka kiwandani zikigawa karibu fungu zima, kwa mfano kuanzia .2 hadi .254, kwa hiyo hakuna namba iliyo salama mpaka upunguze fungu. Lifanye liishie .199, halafu mpe printa .220. Usipopunguza, siku moja simu ya mgeni itapewa namba ya printa, na utapata ugonjwa wa ajabu: kazi moja inachapishwa, inayofuata inapotea, halafu mgeni akiondoka kila kitu kinapona. Watu hubadilisha waya, hubadilisha draiva (programu ya kuendesha printa), hununua printa nyingine, na kosa lilikuwa namba moja yenye wenyewe wawili.

Ya tatu ni kutofunga namba popote na kuifuata printa kwa jina lake la .local. Jina hilo hutangazwa na printa yenyewe kwa mDNS, njia ya vifaa kutangaziana majina (poti, yaani mlango wa data wenye namba, ni 5353 ya UDP), bila kuihitaji ruta kujua chochote. Ruta ikibadilishwa, namba zikageuka zote, jina linabaki. Kwa ruta usiyoimiliki hii ndiyo njia inayostahimili zaidi, na kama kompyuta zote ni mpya kiasi ndiyo ningeanza nayo, nikiongeza ya kwanza kama ukuta wa pili. Udhaifu wake ni kwamba tangazo haliruki kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na kompyuta za zamani hazilielewi.

Kuiongeza kwenye kompyuta, usiiachie Windows itafute yenyewe halafu ukubali chochote inacholeta. Mara nyingi huleta poti ya aina ya WSD, ambayo hutegemea ugunduzi na huchoka printa ikilala au ikibadilisha namba. Chagua kuongeza mwenyewe kwa anwani ya TCP/IP au jina, andika namba au jina la .local, na poti iwe ya TCP/IP ya kawaida, 9100. Kisha fungua sifa za printa, sehemu ya poti, kitufe cha kusanidi poti, na ondoa alama kwenye kisanduku cha SNMP. Windows huiuliza printa hali yake kwa SNMP, itifaki ya kuulizia hali ya vifaa, na printa isiyojibu swali hilo huhesabiwa kuwa haipo hata kama 9100 iko wazi na inasubiri kazi. Ukiniuliza kisanduku kimoja kinacholeta malalamiko mengi kuliko kingine, ni hicho.

Kwenye Mac, ongeza kwenye orodha inayojitokeza na uchague AirPrint, uchapishaji wa Apple usiohitaji draiva, kama ipo. Hapo jina ndilo linalofuatwa, si namba. Kwenye Linux, printa inayoelewa IPP Everywhere au AirPrint (uchapishaji kwa itifaki ya IPP) haihitaji draiva ya mtengenezaji:

lpadmin -p printa -E -v ipp://192.168.1.60/ipp/print -m everywhere

Simu huchapisha kwenye printa ya waya bila tatizo ilimradi Wi-Fi yake na matundu ya LAN ni mtandao mmoja. Mtandao wa wageni si mmoja, umetengwa makusudi. Kuna pia mpangilio wa kuvitenga vifaa vya Wi-Fi, ambao kwenye baadhi ya ruta hukata hata njia ya kwenda kwenye waya. Kompyuta ya waya ikichapisha na simu isione printa, tazama hayo mawili kwanza.

Unapotafuta kosa, usianzie kwenye draiva. Andika ping 192.168.1.60 kwenye dirisha la amri la kompyuta. Ikijibu, fungua http://192.168.1.60 kwenye kivinjari. Ukurasa wa printa ukifunguka, mtandao hauna kosa na tatizo liko kwenye foleni au poti ya kompyuta. Ping ikigoma, andika arp -a na utazame ile namba ina MAC gani. Kama si ile iliyo kwenye ukurasa uliochapisha, kuna kifaa kingine kimeikalia. Kwenye Windows, Test-NetConnection 192.168.1.60 -Port 9100 ndani ya PowerShell itakuambia kama poti ya kuchapisha inasikia. Printa iliyolala huweza kukosa ping ya kwanza na kujibu ya tatu. Hiyo si hitilafu. Ila tazama mpangilio wa kujizima kabisa baada ya muda, kwa sababu printa iliyojizima haiamshwi na kazi inayokuja kupitia waya.

Mkanganyiko mkubwa zaidi huja pale mtu anapoongeza ruta yake mwenyewe nyuma ya ile ya kampuni. Printa imebaki kwenye ruta ya kampuni kwa sababu waya ulikuwa hapo, kompyuta zimehamia Wi-Fi ya ruta mpya. Sasa kuna mitandao miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kompyuta za ndani zinaweza kuifikia printa iliyo nje kwa namba, kwa sababu zinatoka kupitia ruta ya ndani kama zinavyotoka kwenda intaneti. Lakini haziioni zikitafuta, AirPrint haifanyi kazi, na jina la .local halijibu. Kuskani kutoka kwenye paneli ya printa kwenda kwenye kompyuta nako hakufanyi kazi, maana printa ndiyo inayopaswa kuanzisha mazungumzo na ruta ya ndani inayakataa. Kama ruta zote mbili zinatumia 192.168.1.x basi hata namba haisaidii: kompyuta inadhani printa ni jirani yake na haiulizi ruta kabisa. Dawa ni kuchagua moja. Ama iweke ruta yako kwenye hali ya kituo cha Wi-Fi tu ili ruta ya kampuni igawe anwani zote, ama uiombe kampuni kuiweka yao kwenye hali ya daraja. Kama hutaki lolote kati ya hayo, hamishia waya wa printa kwenye tundu la LAN la ruta ya ndani, na mambo yameisha.

Kuskani kwenda kwenye folda ya kompyuta kuna kikwazo kisichohusu ruta lakini hulaumiwa ruta. Printa za zamani huongea SMB (itifaki ya kushiriki folda) toleo la 1 tu, na Windows 10 iliacha kuliweka toleo hilo kwa chaguo-msingi tangu toleo la 1709 la mwaka 2017. Usilirudishe, lilijaa matundu ya usalama. Skani kwenda barua pepe, kwenye flashi ya USB, au vuta skani kutoka kwenye kompyuta badala ya kuisukuma kutoka kwenye printa.

Printa yenye USB tu: tundu la USB la ruta ya kampuni mara nyingi ni la diski au modemu ya akiba, na hata pale linapokubali printa hupitisha uchapishaji peke yake, skana na taarifa za wino hubaki nje. Printa za bei ya chini zinazotegemea kompyuta izichoree ukurasa ndizo zinazosumbua zaidi hapo. Afadhali uishiriki kutoka kwenye kompyuta isiyozimwa, au uweke kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye CUPS (programu ya kushiriki printa), iliyochomekwa kwenye LAN. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo. Usifungue poti za uchapishaji, 9100, 631 wala 515, kutoka intaneti kwenda kwenye printa, hata kama unataka kuchapisha ukiwa safarini. Poti 9100 haiulizi nenosiri. Inachapisha chochote kinachofika. Mwishoni mwa 2018 mtu mmoja alituma karatasi za kumtangaza mwanayoutube kwenye printa zilizoachwa wazi hivyo, akidai kufikia 50,000. Zima pia UPnP (huduma inayoruhusu vifaa kufungua poti za ruta vyenyewe) kwenye ruta kama hakuna kinachoihitaji, na uweke nenosiri kwenye ukurasa wa printa. Kama umeandika anwani ndani ya printa kwa mkono, kuna hila ndogo: acha sehemu ya lango tupu. Itachapisha ndani ya nyumba kama kawaida lakini haitaweza kuzungumza na intaneti. Bei yake ni kwamba kuskani kwa barua pepe na usasishaji vitakoma, na printa za mpango wa wino wa kulipia kila mwezi zitagoma.

Mwisho, siku kampuni italeta ruta mpya. Kabla hujachomoa ya zamani, piga picha kurasa zake za LAN na DHCP. Kisha usibadilishe printa wala kompyuta yoyote. Badilisha ruta mpya. Ipe anwani ile ile ya LAN iliyokuwa na ile ya zamani, na fungu lile lile, uiwashe upya, na vifaa vyote vitadhani hakuna kilichotokea. Kama kampuni imefunga menyu hiyo na printa yako ina namba iliyoandikwa kwa mkono, haitafikika tena, na hapo kuna milango miwili. Wa rahisi ni paneli ya printa: rudisha mipangilio ya mtandao, si ya printa nzima, na iache iombe anwani upya. Printa ikiwa haina skrini, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye printa kwa waya wa Ethaneti, ipe kompyuta namba ya muda ya mtandao wa zamani, kwa mfano 192.168.1.50 na 255.255.255.0, fungua http://192.168.1.220, badilisha kutoka anwani ya mkono kwenda DHCP, hifadhi, halafu rudisha kompyuta kwenye kuomba anwani yenyewe kabla hujausahau huo mpangilio.